Kitambi na Tezi Dume: Maradhi Mawili, Mzee Mmoja

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kupewa alama, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuwauliza baba zao wanaficha nini? Katika makala haya nataka kuzungumzia maradhi mawili ambayo wazee wetu huyaficha, au huyaita uzee, na ambayo hata wanaoyatibu aghalabu huyatenganisha ilhali yanakaa katika mwili mmoja. Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa Kiswahili ambaye mjomba wake nusura aangamie kwa sababu ya utengano huo.

Mjomba wangu ni bawabu katika boma moja huko Kitisuru, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Yeye huishi Kibagare, mtaa wa mabati uliobanwa baina ya makazi ya wenye nacho, na kila jioni hutembea kwa miguu hadi langoni pa mwajiri wake, akakaa kibandani hadi alfajiri. Mwajiri wake ni mzee mstaafu aliyepita umri wa miaka sabini. Mjomba mwenyewe alikuwa anaikaribia miaka sitini na mitano wakati wa kisa hiki. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, baridi ya Kabete ikiuma hadi mifupani, mzee yule alikosa usingizi akatoka barazani yapata saa tisa. Akamwona Mjomba akirejea kutoka nyuma ya ua wa kayaba.

"Hata wewe, mzee mwenzangu?" akamwuliza.

"Hata mimi, Mzee. Hii ni mara ya nne tangu saa nne."

"Yangu ni ya tatu. Basi huu ni uzee."

"Ni uzee, Mzee. Tufanyeje?"

Wakacheka, kisha kila mmoja akarudi mahali pake.

Mzee yule alikuwa tayari amemwona daktari. Alikuwa ameambiwa kwamba tezi dume yake imekua, akaandikiwa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo, akavimeza kwa zaidi ya mwaka bila nafuu kubwa. Hakuna aliyempima sukari. Mjomba naye alikuwa amepimwa sukari katika kambi ya matibabu ya bure iliyofanyika kanisani, akapatikana nayo, akapewa vidonge. Sukari ikashuka, lakini safari za usiku hazikupungua. Hakuna aliyemwuliza lolote kuhusu tezi dume. Ilipofika Septemba, mkojo wa Mjomba uliziba kabisa. Alishinda siku nzima akijipinda kwa maumivu, tumbo limevimba kama ngoma, hadi jirani alipompakia kwenye pikipiki na kumfikisha hospitalini, akawekewa mpira. Wiki chache baadaye mwajiri wake alipimwa damu kwa sababu nyingine kabisa, akapatikana na sukari ya milimoli 15 kwa lita. Kila mmoja wao alikuwa amepewa nusu ya jibu.

Hoja yangu basi ni hii: tezi dume ya mzee haiwezi kutazamwa kikamilifu pasipo kutazama kiuno chake, sukari yake, shinikizo lake la damu na mafuta yaliyo katika damu hiyo. Vivyo hivyo, mzee mwenye kitambi au kisukari hajahudumiwa ipasavyo mpaka aulizwe jinsi anavyokojoa.

Tuanze na tezi yenyewe. Tezi dume ni kiungo kidogo kilichoko chini ya kibofu cha mkojo, nacho huuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kwa kijana ukubwa wake haupiti ndimu ndogo. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Mwanamume anapozeeka, tezi hii huanza kukua upya. Uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka wa 1984 ulionyesha kwamba takribani nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 51 hadi 60 walikuwa na ukuaji huo, na kwa waliopita miaka themanini walikuwa karibu tisa kwa kila kumi. Ukuaji huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Hata hivyo, hubana mrija: mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa vipande, mwingine hubakia kibofuni, na mzee huamka usiku kila baada ya saa moja au mbili.

Jambo la pili ni metaboli, yaani kazi ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa nguvu, kuitumia nguvu hiyo na kuiweka akiba ile inayobaki. Ili kujua kama kazi hii inakwenda sawa, madaktari hutazama mambo matano: mzingo wa kiuno, shinikizo la damu, sukari ya mtu aliyefunga kula, mafuta yaitwayo trigliseridi, na ile kolesteroli inayosifiwa kuwa nzuri. Kwa mwanamume, kiuno kinachofika sentimita 94 kwa vigezo vya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, shinikizo linalofika 130 kwa 85, au sukari ya kufunga inayofika milimoli 5.6 kwa lita, ni ishara ya kutahadhari. Aliye na kasoro tatu kati ya hizo tano huhesabiwa kuwa metaboli yake imevurugika, hata kama hajihisi mgonjwa na hata kama majirani wanamsifu kwa kunona.

Je, mambo haya mawili yanahusianaje? Mwaka wa 1998, Jan Hammarsten na wenzake nchini Uswidi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume waliokuwa na matatizo ya mkojo. Waliona kwamba tezi za wale waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, unene au upungufu wa kolesteroli nzuri zilikua kwa kasi kuliko za wenzao. Mwaka wa 2006, watafiti waliokuwa wakifuatilia afya ya wanaume wa Baltimore huko Marekani kwa miaka mingi walitangaza kwamba walionenepa kupindukia walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu wa kuwa na tezi iliyokua, wakilinganishwa na wenye uzito wa wastani.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa, nazo zinafahamika hata kwa asiye mtaalamu. Mtu anaponenepa tumboni, mwili wake huanza kuwa sugu kwa insulini, ile homoni inayoingiza sukari katika seli. Kongosho nayo hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Insulini, pamoja na homoni za jamii yake, huchochea seli kukua, na seli za tezi dume ni miongoni mwa zinazoitikia mwito huo. Isitoshe, mafuta ya tumboni hufanya kazi. Hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa estrojeni, na hutoa kemikali zinazosababisha uvimbe wa kudumu, usiouma, katika viungo mbalimbali. Fauka ya hayo, mwili uliolemewa na unene na insulini huzichangamsha kupita kiasi neva zinazokaza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi, njia ya mkojo ikazidi kubanwa.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Uhusiano si lazima uwe chanzo. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka wa 2015 zilionyesha kwamba wenye metaboli iliyovurugika huwa na tezi kubwa zaidi, lakini hazikuonyesha kwamba lazima wawe na shida nyingi zaidi za kukojoa. Kuna wazee wembamba kama fito ambao mkojo umewaziba, na kuna wenye vitambi ambao hulala hadi asubuhi. Umri unabaki kuwa sababu kuu. Ninachosema ni kwamba umri hatuwezi kuupunguza, bali kiuno tunaweza.

Kuna uhusiano mwingine ambao ni wa kila siku, nao ndio uliowapotosha wazee wangu wawili. Kwa kawaida figo huirudisha mwilini sukari yote inayopita ndani yake. Sukari ya damu inapozidi takribani milimoli 10 kwa lita, figo hulemewa, sukari ikamwagika katika mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mgonjwa hukojoa mara nyingi, tena mkojo mwingi, na kiu haikatiki. Mwenye tezi iliyokua naye hukojoa mara nyingi, lakini kidogo kidogo, kwa kusubiri na kujikamua. Kisukari cha muda mrefu kinaweza pia kuziharibu neva za kibofu, kikashindwa kujikaza. Vidonge vya kutoa maji wanavyopewa baadhi ya wenye shinikizo la damu huongeza safari, hasa vikimezwa jioni. Mambo haya yote humfikisha mzee mahali pamoja: msalani saa tisa usiku. Anayeuliza swali moja tu atapata jibu moja tu, na pengine si lile linalohitajika.

Saratani ya tezi dume ni jambo tofauti, na sitaki msomaji achanganye. Nchini Kenya ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume kwa wingi zaidi. Umri, kuwa na baba au ndugu aliyeugua, na asili ya Kiafrika ndiyo mambo yanayojulikana wazi kuongeza hatari yake. Uhusiano wake na metaboli una utata. Wanaume wenye kisukari huonekana kupatikana na saratani hii kwa uchache kuliko wenzao, lakini wakishaipata, hali yao aghalabu huwa mbaya zaidi. Unene nao umehusishwa na saratani iliyokwisha kukomaa na kuenea.

Utata huu unagusa hata kipimo chenyewe. Kipimo cha damu kiitwacho PSA hupima protini inayotoka katika tezi dume. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba wanaume wanene huwa na damu nyingi zaidi mwilini, na kwa hiyo protini hiyo huzimuliwa kama chai iliyoongezwa maji. Namba inayosomeka huonekana ndogo kuliko hali ilivyo. Mzee mwenye kitambi anayeambiwa "uko sawa" huenda hayuko sawa sana, na daktari asiyeutazama uzito wake anaweza kupumbazwa na namba ile.

Tiba nayo ina yake. Mwaka wa 1941 Charles Huggins, akifanya kazi Chicago, alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na ukiipunguza homoni hiyo saratani hunywea. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966, na hadi leo tiba ya kupunguza homoni huwafaa wengi ambao saratani yao imeenea. Lakini homoni hiyo ikipungua, misuli hupungua, mafuta ya tumboni huongezeka, na hatari ya kisukari hupanda. Mgonjwa anaweza kuiepuka saratani akaangukia mikononi mwa moyo. Ni haki yake kupimwa sukari na shinikizo kabla ya tiba na wakati wote wa tiba, na kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa.

Tuna mifano ya watu tunaowaheshimu. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye jina lake halihitaji utangulizi katika chuo chochote cha nchi hii, alipatikana na saratani ya tezi dume mwaka wa 1995, akaambiwa amebakisha miezi mitatu ya kuishi. Aliishi miaka thelathini zaidi, akaendelea kuandika, hadi alipofariki Mei 2025. Katika miaka hiyo alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo mwaka wa 2019, na figo pia zikamsumbua. Sisemi kwamba moja lilileta jingine. Sina ujuzi huo wala sina haki hiyo. Ninachojifunza kwake ni kwamba mwanamume anaweza kuishi miaka mingi baada ya saratani hii, na miaka hiyo huhitaji moyo, figo na mishipa iliyo salama. Nelson Mandela naye alifanyiwa upasuaji wa tezi iliyokua mwaka wa 1985 angali mfungwa, kisha mwaka wa 2001 akatangaziwa ulimwengu kuwa ana saratani ya tezi hiyo hiyo, akatibiwa kwa mionzi. Aliishi hadi mwaka wa 2013, akafa akiwa na umri wa miaka 95. Ugonjwa wake haukufichwa, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Turudi Kitisuru, maana ndiko somo hili linakoonekana kwa macho. Zamani eneo la Kabete lilikuwa na mashamba ya kahawa, na watu walikwenda kwa miguu. Leo ni mtaa wa malango ya chuma na kuta ndefu. Mwenye nyumba hutoka langoni akiwa ndani ya gari na hurudi akiwa ndani ya gari. Nyama choma ya Jumamosi, kinywaji cha jioni na kiti cha ofisi vimemjengea kitambi kwa miaka thelathini. Tungedhani basi kwamba Kibagare, mahali ambapo watu hutembea, imesalimika. La hasha. Bawabu hukaa usiku kucha katika kibanda cha futi sita. Ili kufukuza baridi hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari kwa kila kikombe, na hula chapati kwa kuwa chapati hushibisha na hazichachi. Mchana hulala vipande vipande chini ya mabati yenye joto, na usingizi wa vipande nao huvuruga sukari ya mwili. Mjomba si mnene wa kutazamwa. Ana mikono myembamba na tumbo la mviringo, umbo ambalo mabawabu na madereva wengi wa jiji hili wanalo. Tajiri na maskini wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti.

Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliopita kiasi. Lililonishtua zaidi ni kwamba asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu maishani mwao, na asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Ikiwa vipimo hivi rahisi havijamfikia mtu, nani atamwuliza kuhusu tezi iliyofichika chini ya kibofu?

Hapa ndipo sisi wana Kiswahili tunapoingia. Tatizo la Mjomba kwa sehemu lilikuwa la lugha. Alipofika kliniki, alihojiwa na muuguzi wa rika la binti yake. Mjomba hakuweza kutamka neno "kukojoa" mbele yake, akasema, "Nasumbuliwa na usiku, binti yangu." Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa hapati usingizi. Tezi yenyewe tunaiita tezi dume, wengine tezi kibofu, na mitaani watu husema tu "kibofu", hata mgonjwa asijue kama anaumwa mfuko wa mkojo au tezi iliyo chini yake. Kwa upande mwingine, lugha yetu imelipamba tumbo. Mtu akinenepa twasema amenona, mwili umemkubali, mji umempenda. Tumeufanya ugonjwa wa wazi kuwa sifa na ugonjwa wa siri kuwa aibu. Mwenye kuathirika ni mzee anayebeba vyote viwili.

Najua yatakayosemwa dhidi ya hoja hii. Kwanza, nitaambiwa kwamba namlaumu mgonjwa. Sivyo. Bawabu hakuchagua kukaa usiku kucha, na mzee aliyezaliwa wakati njaa ilikuwa jambo la kawaida hana kosa kuona kitambi kuwa ushindi. Lawama haitibu, kipimo husaidia.

Pili, wapo watakaosema dawa zetu za asili zinatosha. Kwa kweli gome la mti uitwao mwiri, ambao wanasayansi huuita Prunus africana na ambao huota katika misitu ya milima ya Kenya, limetumika Ulaya kutengenezea dawa ya tezi iliyokua tangu miaka ya 1960, Ufaransa ikiwa ya kwanza. Lilitafutwa kwa pupa hadi biashara ya mti huo ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka wa 1995. Baadhi ya tafiti ziliona kwamba hupunguza safari za usiku kwa kiasi. Lakini gome la mwiri halishushi sukari wala halipunguzi kiuno, na anayelinunua kwa mchuuzi kituoni bila kupimwa anaweza kuituliza dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Tatu, nitaambiwa kwamba vipimo ni ghali. Vingine ni ghali, naam. Lakini utepe wa fundi cherehani ni wa bei ndogo, na swali halina bei. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine za kupimia shinikizo la damu na sukari. Wanabisha hodi milangoni mwa Kibagare na vijiji vingine vingi. Ninapendekeza waongezewe mambo mawili tu kila wanapomkuta mwanamume aliyefika miaka hamsini. La kwanza ni kupima mzingo wa kiuno. La pili ni maswali matatu yaliyoandikwa kwa Kiswahili chenye adabu na kisichofichaficha: Baba, unaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo? Mkojo unatoka kwa nguvu, au unasubiri na kukatika? Baada ya kumaliza, unahisi kama umebaki? Akiwa na dalili, apelekwe kupimwa vyote kwa siku moja: sukari, shinikizo na tezi. Na wanaotibu tezi katika hospitali kubwa, wasimwache mgonjwa aondoke bila kujua kiuno chake na sukari yake.

Kutembea nako kusidharauliwe. Utafiti uliofanywa Marekani miongoni mwa wanaume wa taaluma za afya, na kuchapishwa mwaka wa 1998, ulionyesha kwamba waliotembea saa mbili hadi tatu kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata tatizo la tezi iliyokua, kwa takribani asilimia 25, kuliko wasiotembea. Saa tatu kwa wiki ni chini ya nusu saa kwa siku. Ila kutembea kunahitaji njia. Barabara nyingi za Kitisuru hazina kando pa kupita mtu. Anayetembea hujibanza ukutani gari lipite. Kaunti ikijenga njia za waenda kwa miguu, itakuwa imejenga sehemu ya hospitali.

Mjomba alifanyiwa upasuaji, mpira ukatolewa, na vidonge vya sukari anaendelea navyo. Chai yake sasa ina kijiko kimoja, ingawa husema si chai tena bali ni maji ya moto yenye rangi. Mwajiri wake naye anatibiwa sukari, na safari zake za usiku zimepungua kutoka tatu hadi moja. Jioni hutoka kwa miguu hadi barabara ya Lower Kabete na kurudi, na anapopita langoni Mjomba humsalimu, "Umetembea, Mzee?" naye hujibu, "Nimetembea. Na wewe umekunywa nini leo?" Maongezi hayo yangefanyika miaka miwili mapema, mmoja asingewekewa mpira na mwingine asingekaa na sukari ya 15 bila kujua.

Ewe msomaji mwenzangu, Desemba tutafunga chuo na kurudi makwetu. Tutamkuta baba, babu au mjomba ameketi mahali pake pa kawaida, nasi tutamsalimu na kumwuliza habari za mifugo na mvua. Shime, safari hii tumwulize na habari za usiku. Akisema ni uzee tu, tusicheke tukaondoka. Tuchukue utepe, tupime kiuno chake, kisha tuandamane naye hadi zahanati iliyo karibu, tukiwa na maswali yote mawili mkononi.